Akili mnemba ndani ya zamu: mwongozo kwa timu za mstari wa mbele

Mwongozo huu ni wa watu ambao kazi yao haifanyikii mezani: muuguzi wodini, mhudumu wa kaunta, fundi anayezungukia wateja, mtunza ghala, dereva, mpokea simu, na zaidi ya wote msimamizi wa zamu, ambaye lazima ajue kila mmoja wao amefanya nini na kipi kimebaki. Mengi yanayoandikwa kuhusu akili mnemba (AI), yaani programu zinazoandika na kujibu maswali kama ChatGPT, yanamlenga mtu mwenye kompyuta, kiti na saa nzima ya kutulia. Mtu wa mstari wa mbele ana simu mfukoni, mikono yake ina kazi, na mbele yake amesimama mtu anayesubiri. Ushauri wa ofisini ukimfikia huyu bila kubadilishwa, unamwongezea mzigo.

Nianze na yaliyokwisha kupimwa. Mwaka 2023 watafiti Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa matokeo ya utafiti uliohusu wahudumu wa wateja 5,179. Baadhi yao walipewa programu iliyokuwa ikiwapendekezea majibu huku wakiandikiana na wateja. Kwa wastani, matatizo yaliyotatuliwa kwa saa moja yaliongezeka kwa asilimia 14. Kwa wageni kazini na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilifika asilimia 34, ilhali kwa wakongwe karibu hakuna kilichobadilika. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: programu ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya kweli, ikaokota mbinu za wahudumu hodari na kuwafikishia wenzao.

Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine uliowashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na washauri 758 wa kampuni ya ushauri wa biashara ya Boston Consulting Group. Kwenye kazi ambazo programu ilizimudu, waliotumia akili mnemba walimaliza haraka zaidi na kwa ubora zaidi. Lakini kulikuwa na kazi moja iliyochaguliwa makusudi iwe nje ya uwezo wa programu. Hapo waliosaidiwa na mashine walipata jibu sahihi kwa kiwango cha chini kwa pointi 19 za asilimia kuliko waliofanya wenyewe. Hawa walikuwa watu wasomi, wenye muda wa kufikiri. Walivutwa na jibu lililoandikwa vizuri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: kazi hii tunayotaka kuipa mashine, mtu wetu anaweza kulikagua jibu lake kwa haraka, akiwa amesimama, katikati ya zamu? Kama anaweza, endelea. Kama hawezi, hiyo si kazi ya kuanza nayo, hata kama mwuzaji wa programu ameisifia namna gani.

Hatua ya 1: Ifuatilie zamu moja, mwanzo hadi mwisho

Usifungue programu yoyote bado. Shika daftari, kaa na timu zamu nzima, uandike kila mara mtu anapoacha kumhudumia mtu au kushughulikia kifaa ili aandike kitu, atafute kitu, au arudie maelezo aliyokwisha kuyatoa. Hayo matatu ndiyo mashimo ambayo muda unavujia: kuandika, kutafuta, kurudia.

Utaona mambo ambayo kwenye ripoti za mwezi hayaonekani. Mpokea simu anaandika maelezo ya malalamiko kwenye karatasi kwanza, halafu anayahamishia kwenye kompyuta zamu ikiisha, akiwa ameshachoka na nusu amesahau. Fundi anampigia mwenzake simu kuuliza utaratibu ambao upo kwenye kitabu cha kurasa mia mbili, kwa kuwa kumpigia mwenzake ni rahisi kuliko kupekua kitabu. Mgeni kazini anauliza swali lilelile mara tatu kwa watu watatu, kisha anaona aibu kuuliza tena.

Waulize wenyewe pia, na uwaulize hivi: "Ni kipi katika zamu yako kinachokuondoa kwa mteja?" Ukiwauliza wangependa programu gani, watakutajia walichosikia kwenye matangazo. Ukiwauliza kinachowachosha, watakuambia ukweli. Naamini kwa dhati kuwa mradi wowote wa namna hii uliobuniwa bila watu wa zamu huanza na kasoro ambayo mafunzo hayataiondoa.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja tu, iliyo rahisi kukagua

Kazi nzuri za kuanzia zinafanana kwa jambo moja: mtu aliyekuwepo anajua papo hapo kama kilichoandikwa ni kweli. Kupanga maelezo ya makabidhiano ya zamu ni mfano bora, maana aliyeyasema maelezo ndiye anayeisoma rasimu. Kadhalika kugeuza maelezo ya haraka kuwa ripoti ya tukio, kuandika ujumbe wa heshima kwa mteja ambaye huduma yake imechelewa, kufupisha tangazo refu la kiutaratibu liwe mistari mitano, au kupata kifungu fulani ndani ya kitabu cha taratibu mradi programu ionyeshe kilipotoka.

Kazi za kuziacha kabisa mwanzoni ni zile ambazo kosa halionekani mpaka limeshadhuru. Kipimo cha dawa. Ahadi ya kumrudishia mteja fedha. Uamuzi wa kwamba kifaa fulani ni salama kuwashwa. Uamuzi wa nani apewe onyo kazini. Katika haya yote mashine inaweza kukupa jibu lenye sauti ya uhakika kabisa, na sauti hiyo haina uhusiano na usahihi. Modeli ya lugha, yaani injini iliyo ndani ya programu hizi, hutunga maandishi kwa kukadiria neno linalofuata. Inapokosa taarifa, mara nyingi hutunga kitu kinachofanana na taarifa.

Kazi moja, nimesema. Timu inayoanza na tano hujikuta haijui ipi imesaidia na ipi imeharibu.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya taarifa kabla mtu hajaandika neno la kwanza

Hapa ndipo haraka inapogharimu. Mwaka 2023 kampuni ya Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu za aina ya ChatGPT kwenye vifaa vya kazi, baada ya kubainika kuwa msimbo wa ndani wa kampuni (maandishi yanayoundia programu zake) ulikuwa umepakiwa humo na mfanyakazi. Hiyo ni kampuni yenye wataalamu wa usalama wa taarifa. Fikiria sasa timu ambayo kila mmoja anatumia simu yake mwenyewe na akaunti yake ya bure.

Na tusijidanganye: kama hujawapa chombo rasmi, wapo ambao tayari wanatumia wanachokijua, kimyakimya. Kupiga marufuku peke yake huongeza usiri. Tafuta akaunti ya kazi ambayo masharti yake yanasema wazi kuwa mnachoandika hakitumiki kuifundisha modeli, na kwamba mnaweza kuyafuta mazungumzo. Soma masharti hayo mwenyewe, au mpe mtu anayeelewa ayasome, kisha wape watu wako akaunti hiyo na uwaambie kwa nini ni hiyo na si nyingine.

Halafu bandika orodha fupi pale zamu inapoanzia: majina ya wateja au wagonjwa hayaingii, namba za simu, za vitambulisho na za akaunti haziingii, nywila haziingii kamwe, picha za nyaraka au za watu haziingii bila idhini ya msimamizi. Badala ya jina andika "Mteja A" au "mgonjwa wa kwanza".

Kuondoa jina hakutoshi kila mara. "Mzee wa kitanda cha dirishani aliyelazwa jana kwa kuvunjika nyonga" ni mtu anayefahamika kwa yeyote aliyepita wodini, ingawa hajatajwa. Wafundishe watu kujiuliza: jirani yake akisoma sentensi hii, atamtambua? Picha nazo ziangaliwe kwa jicho la namna hiyo. Fundi anapiga picha bomba lililopasuka, na nyuma yake ukutani kuna ubao wa ratiba wenye majina na namba za simu za timu nzima.

Hatua ya 4: Andikeni maelekezo pamoja, yajaribuni kwa mfano halisi

Maelekezo mazuri hayahitaji maneno ya kitaalamu. Yanahitaji mtu anayeijua kazi. Kaa na wawili watatu kutoka kwenye zamu, chukueni sampuli ya maelezo yao, muandike mnachotaka kama mngemwandikia mwenzenu asiyeijua sehemu ile.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Mwendesha mashine anamaliza zamu ya usiku, anarekodi ujumbe huu wa sauti:

"Eeh, mashine namba tatu ilizima saa tisa usiku, tukabadilisha mkanda, ikawaka saa kumi kasorobo. Bado inapiga kelele upande wa kushoto. Msiiwashe kwa mwendo wa juu mpaka fundi aiangalie. Ule mzigo wa asubuhi haujafungwa wote, zimebaki boksi sitini. Ufunguo wa stoo ndogo anao msimamizi wa mchana."

Ukiiambia programu tu "nipangie haya yawe ripoti nzuri", unaweza kuletewa kitu kama hiki:

"Mashine namba 3 ilipata hitilafu saa 21:00 na kurejea kazini saa 21:45 baada ya mkanda kubadilishwa, tatizo limetatuliwa. Inashauriwa kutumia mwendo wa wastani. Boksi 6 zimebaki. Ufunguo umekabidhiwa."

Isome polepole. Inapendeza, ina nukta na mkato mahali pake, na ndani yake mna mambo manne ya hatari. Saa tisa usiku imekuwa saa 21:00 badala ya saa 3:00 alfajiri kwa saa ya kimataifa, kwa sababu modeli hizi zimelishwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza na huchanganyikiwa na hesabu yetu ya saa. Kelele ya upande wa kushoto imetoweka, na mahali pake pamewekwa "tatizo limetatuliwa", ambalo hakuna aliyelisema. Katazo limelainishwa likawa ushauri. Na sitini imekuwa sita. Sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini hukaribiana masikioni, hasa penye kelele za mitambo. Ukitaka la tano, ufunguo nao "umekabidhiwa" lakini haijulikani yuko nao nani.

Sasa maelekezo yaliyoandikwa na watu wanaoijua kazi:

"Andaa rasimu ya makabidhiano ya zamu. Tumia tu yaliyosemwa katika maelezo hapa chini, usiongeze lolote. Panga chini ya vichwa hivi: Yaliyotokea, Yaliyobaki, Tahadhari, Vitu na aliye navyo. Saa ziandike kama zilivyosemwa, usizigeuze. Sentensi yenye katazo au onyo inakili neno kwa neno. Kama jambo halikutajwa, andika 'halikutajwa', usikisie. Mwishoni orodhesha namba na saa zote zilizomo ili nizihakiki."

Kila sentensi hapo imezaliwa na kosa linalojulikana. Kuikataza isiongeze kunapunguza "tatizo limetatuliwa", ingawa hakuondoi uwezekano wake. Vichwa vinafanya kilichokosekana kionekane. Kunakili onyo neno kwa neno kunalinda "msiiwashe" isigeuke "inashauriwa". Orodha ya namba mwishoni inampa mkaguzi kitu cha kutazama kwa sekunde chache bila kusoma ripoti nzima upya.

Hifadhini maelekezo hayo mahali ambapo kila mtu anaweza kuyanakili na kuyabandika. Usimtake mtu aliyechoka alfajiri ayatunge upya.

Kuhusu lugha, andikeni kwa Kiswahili chenu cha kazini. Programu kubwa za sasa zinakielewa, ila zikiachiwa zenyewe huandika Kiswahili cha barua rasmi ambacho mteja hakizoei. Dawa yake ni kuzipa sampuli mbili za ujumbe ambao timu yenu imewahi kuandika vizuri na kusema "andika kwa namna hii". Mkitumia programu kutafsiri kwenda Kiingereza, angalieni pia jinsia: "yeye" wetu hausemi kama ni mwanamume au mwanamke, hivyo mashine huchagua yenyewe, na mgonjwa mwanamke anaweza kujikuta ameandikwa mwanamume kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Kwa maswali ya utaratibu, programu ijibu kutoka kwenye nyaraka zenu

Kazi ya pili ambayo timu nyingi huitamani ni msaidizi wa maswali: mgeni kazini anauliza "mteja akipoteza risiti nafanyaje?" na kupata jibu hapo hapo. Ni msaada mkubwa kweli, hasa kwa wale wanaoona aibu kuuliza. Lakini ukiuliza programu ya kawaida isiyo na nyaraka zenu, itakujibu kwa yale yaliyozoeleka kwingineko duniani, na itayasema kana kwamba ni sera yenu.

Kwa hiyo ipewe nyaraka zenu, kisha iambiwe mambo mawili: ijibu kutoka humo tu, na kila jibu litaje waraka na kifungu kilipotoka. Jibu lisilo na kifungu lichukuliwe kuwa halipo. Mtu akifuata kifungu na kukuta kinasema kingine, amekamata kosa kabla halijamfikia mteja.

Ugumu wenyewe uko kwenye nyaraka. Sehemu nyingi zina matoleo matatu ya utaratibu mmoja: lile la zamani lililobandikwa ukutani, lile lililotumwa kwa barua pepe, na lile ambalo watu wanalifuata kweli. Mashine itayasoma yote na kuyachanganya. Kabla ya kupakia chochote, teua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hili ndilo", afute mengine, aweke tarehe. Kazi hii inachosha na haina sifa, na ndiyo inayoamua kama msaidizi atafaa.

Ukitaka kujua gharama ya kuipuuza, iko kesi ya Air Canada. Abiria aliyefiwa na bibi yake mwaka 2022 aliuliza boti ya mazungumzo (programu inayowajibu wateja kwa maandishi) kwenye tovuti ya shirika hilo la ndege kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Boti ikamwambia anaweza kusafiri kwanza na kuomba nafuu baadaye. Ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo ulisema hilo haliwezekani, na shirika likakataa ombi lake. Mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia nchini Kanada, shirika lilijitetea kana kwamba boti ile inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe. Mashine yenu ikisema, mmesema ninyi.

Ndiyo maana nashauri, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani ni lazima, msaidizi huyu azungumze na wafanyakazi peke yao. Mfanyakazi ndiye azungumze na mteja.

Hatua ya 6: Fanya ukaguzi uwe tendo

"Hakikisha umekagua" ni agizo ambalo kila mtu hulikubali na wachache hulitekeleza, kwa sababu rasimu ikiwa sahihi kwa siku kadhaa mfululizo macho huanza kuiamini. Huu ni udhaifu wa binadamu uliochunguzwa miaka mingi kwa marubani na waendesha mitambo. Hautoki kwa uvivu. Unahitaji utaratibu unaoushinda.

Anza na mpangilio wa kusoma. Anayekagua asikilize ujumbe wa sauti au asome maelezo ya awali kwanza, ndipo aitazame rasimu. Akianza na rasimu, ataisikiliza sauti huku akitafuta kuithibitisha. Kisha apite kwenye sehemu ambazo makosa hupenda kukaa: namba, saa na tarehe, makatazo, maana "usi-" na "si-" zikidondoka maana inageuka, nani alifanya nini, na sentensi yoyote inayotuliza, kama vile "hali ni ya kawaida" au "suala limeshughulikiwa". Hiyo ya mwisho naiwekea mkazo. Mashine hupenda kufunga habari vizuri, na zamu halisi mara nyingi haifungwi vizuri.

Anayekagua aandike jina lake chini ya rasimu. Jina likiwepo, macho hufunguka. Naye awe ni mtu aliyekuwepo kazini. Msimamizi aliyeko nyumbani hawezi kujua kama boksi zilikuwa sitini au sita.

Kama ukaguzi unachukua muda mrefu kuliko kuandika kwa mkono, basi kazi hiyo haikufaa. Irudishe kwenye karatasi na uchague nyingine.

Hatua ya 7: Jaribu na wachache, ukiandika makosa

Chagua zamu moja yenye watu walio tayari, akiwemo angalau mmoja mwenye mashaka, kwa sababu yeye ndiye atakayeona nyufa. Kwa wiki chache waendelee na utaratibu wa zamani sambamba na huu mpya. Ni kazi ya ziada, kweli. Wapunguzieni kitu kingine.

Weka daftari la makosa lenye safu tatu tu: mashine iliandika nini, ukweli ulikuwa nini, nani alikamata. Kila mwisho wa wiki lisomeni pamoja na kurekebisha maelekezo ya hatua ya 4. Daftari likiwa tupu kabisa, usifurahi haraka. Chukua rasimu kadhaa za nyuma uzikague mwenyewe dhidi ya maelezo ya awali.

Pima mambo machache yanayowahusu watu: makabidhiano yanachukua dakika ngapi sasa, simu ngapi za "mlimaanisha nini hapa?" zinapigwa na zamu inayofuata, na watu wanaondoka kwa wakati au la. Usipime ni nani anatumia programu mara nyingi. Ukipima hivyo, watu wataitumia hata pale isipofaa, ili waonekane.

Hatua ya 8: Zungumza kuhusu hofu, na uweke ahadi unayoweza kuitimiza

Watu watajiuliza mambo mawili hata kama hawatayatamka mbele yako: je, hii imekuja kunitoa kazini, na je, inanichunguza? Jibu la kwanza ulijue kabla ya kusimama mbele yao. Kama uongozi haujaamua, sema haujaamua. Kama muda utakaookolewa utatumika kumwongezea kila mtu wateja, lisemeni wazi badala ya kuwaacha waligundue.

La pili lina mipaka ambayo baadhi ya sheria zimeanza kuichora. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ilianza kuwa na nguvu Agosti 2024, na tangu tarehe 2 Februari 2025 inakataza, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, mifumo inayokisia hisia za wafanyakazi kazini. Tangu tarehe hiyohiyo inawataka pia wanaotumia mifumo ya akili mnemba wahakikishe watu wao wana uelewa wa kutosha kuihusu. Hata kama sheria hiyo haikuhusu, ni kipimo kizuri: ujumbe wa sauti wa makabidhiano usitumike kupima kama mtu alikuwa na hasira, na maswali ambayo mgeni kazini alimwuliza msaidizi yasiwe ushahidi kwenye tathmini yake. Siku watakapojua yanasomwa, wataacha kuuliza, na utakuwa umepoteza faida kubwa kuliko zote zilizopimwa, ile ya kumwinua mgeni.

Wakongwe wanahitaji neno lao. Mbinu zinazosambazwa ni zao. Watajwe, wapewe muda rasmi wa kuandika na kurekebisha nyaraka, na muda huo uhesabiwe kuwa ni kazi. Mkongwe ambaye ujuzi wake umechukuliwa bila shukrani hatakuambia pale mashine inapokosea, na hakuna mwingine anayejua.

Hatua ya 9: Jiandae kwa siku programu isipokuwepo

Mtandao utakatika. Betri itaisha. Akaunti itagoma kufunguka katikati ya zamu yenye msongamano. Fomu ya karatasi yenye vichwa vilevile vya hatua ya 4 ikae kwenye droo ya kila sehemu, na mara moja kwa mwezi zamu nzima iitumie kwa makusudi. Zoezi hilo lina faida nyingine: mgeni aliyeingia kazini baada ya programu atajifunza kuandika makabidhiano kwa kichwa chake mwenyewe, na asiyeweza kuyaandika hawezi kuyakagua.

Programu zenyewe hubadilika bila kubisha hodi. Toleo jipya la modeli linaweza kuyafuata maelekezo yenu kwa namna nyingine kabisa. Hifadhi sampuli chache za maelezo halisi yaliyoondolewa majina, pamoja na rasimu sahihi za kila moja. Kila mnaposikia kuna toleo jipya, zipitisheni tena sampuli hizo na mlinganishe. Msimamizi wa zamu akishakuwa na maelekezo yaliyotulia, daftari la makosa linalosomwa kila wiki na sampuli hizi kwenye jalada, ndipo arudi kwenye orodha ya hatua ya 1 na kuchagua kazi ya pili.